Mswaki Mbele ya Bakteria

Mswaki, mti ujulikanao kitaalamu kama Salvadora persica, umesafisha meno ya watu wa pwani ya Afrika Mashariki na Uarabuni kwa karne nyingi, lakini maabara haikubali sifa za mazoea mpaka ionyeshwe ni kemikali gani iliyomo mtini na inafanya kazi kwa kiwango gani.

Kwa kawaida mzizi hukaushwa, husagwa na kulowekwa katika kiyeyushi kama vile maji, methanoli au heksani, kisha kiyeyushi huvukizwa ili ibaki dondoo, yaani mchanganyiko wa kemikali zote zilizokubali kuyeyuka humo. Kipande cha karatasi kilichochovywa katika dondoo huwekwa juu ya agari, yaani jeli ya kukuzia vijidudu, iliyopandwa bakteria, na duara tupu linalojitokeza kukizunguka hupimwa kwa milimita. Duara hilo hupendwa kupita stahili yake, kwa kuwa kemikali zenye asili ya mafuta hazisambai vizuri ndani ya agari na huweza kuonekana dhaifu bila kuwa dhaifu. Kipimo cha haki zaidi ni kiwango cha chini kabisa kinachozuia bakteria kukua: dondoo ghafi inayofaulu kwa mikrogramu 100 au pungufu katika mililita moja hutia matumaini, ilhali ile inayohitaji miligramu kadhaa haistahili shangwe.

Mwaka 2008 watafiti nchini Uswidi walining'iniza vipande vya mswaki juu ya agari pasipo kuigusa, na bado bakteria kadhaa wa kinywani walizuiwa, ishara kwamba kilichowadhuru kilisafiri hewani. Mwaka 2011 kilitajwa kuwa ni benzili isothiosayaneti, ambayo iliwashambulia hasa bakteria wa Gram-hasi, wale wenye utando wa ziada wa nje unaozuia dawa nyingi kupenya, jambo ambalo si la kawaida kwa kemikali za mimea.

Kemikali hiyo haikai tayari mzizini, bali huzaliwa pale kijiti kinapotafunwa na kimeng'enya kukutana na kemikali iitwayo glukotropeolini iliyokuwa imetengwa nacho. Kwa hiyo anayeuchemsha mzizi kabla ya kuupima huua kimeng'enya hicho, na anayevukiza kiyeyushi kwa joto huipeperusha kemikali yenyewe, kisha huenda akaandika kwamba mti hauna nguvu. Anayeipata naye bado ana kazi, kwani benzili isothiosayaneti hudhuru hata seli za binadamu kiwango kinapozidi, na pengo kati ya kiwango kinachozuia bakteria na kile kinachodhuru seli halionekani kwenye sahani ya agari.