Gido ya kinga yako inafaa mabega yako?

Ndugu mfanyakazi, ukifika kazini kwa kinga na vidole vina ganzi, unasema ni mashine ya kutoboa mawe. Pengine ni kweli. Lakini kama ganzi iko katika kidole kidogo na jirani yake tu, na inaanza ukiwa ungali njiani, tazama gido kwanza. Mshipa wa fahamu wa vidole hivyo unapita chini ya kiganja. Ukiegemea hapo muda mrefu, unabanwa.

Gido fupi mno inabana viwiko mbavuni, na ukifunga mfuko wa unga nyuma, gurudumu la mbele linayumba. Ndefu mno inatanua mikono: jioni shingo na mabega vinauma.

Mwombe bibi akupime. Simama wima, atafute mfupa wa juu mwishoni mwa kila bega, apime toka huu hadi ule. Tuseme amepata santimetri 40. Ukiketi juu ya kinga, mikono yako ishike gido kwa nafasi hiyo au kuzidi kidogo, viwiko vikunjwe kidogo, kiganja kisivunjike kwenda juu wala pembeni. Kinga ya kubeba mizigo, acha gido izidi zaidi, utaigeuza kwa nguvu ndogo. Usinunue gido kwa kuipenda macho.

Wengine wanakata gido kwa msumeno. Si vibaya, ukikata pande zote mbili sawasawa na kuacha nafasi ya mkono na freni. Ubaya ni kuacha bomba wazi. Mama, sikiliza hapa. Mtoto akiangukia ncha ya gido kwa tumbo, ngozi inaweza kuonyesha alama ndogo tu, kama duara, kumbe ndani ini au bandama imepasuka. Usimpe kidonge cha maumivu na kumlaza. Tumbo likimuuma au kuwa gumu, akitapika, rangi ikimpotea, au bega la kushoto likimuuma bila kuligonga, mlete hospitali saa ile ile, hata usiku. Na utuambie wazi: ameangukia gido. Watoto wengine wanaficha, kwa kuwa walichukua kinga ya baba bila ruhusa; mwulize bila kumpigia kelele.

Leo jioni pitisha kidole kwenye ncha mbili za gido. Kama mpira umepotea, chonga kipande cha mti, kikaze ndani ya bomba na kukilainisha, mpaka siku ya mshahara ununue mpira mwingine.