Mvinyo wa Barafu na Tembo la Mnazi: Jinsi Baridi Inavyokusanya Utamu

Mtoto yeyote wa Chake Chake au Wete aliyewahi kufyonza barafu ya ukwaju anajua jambo ambalo wakulima wa zabibu wa Ujerumani na Kanada wamelijengea biashara kubwa. Mafyonzo ya kwanza huwa matamu na makali. Ya mwisho hayana rangi wala ladha, ni maji matupu yaliyoganda. Kwa nini utamu hutangulia kutoka na maji yakabaki nyuma?

Jibu la swali hilo ndilo linaloeleza mvinyo wa barafu, kinywaji cha nchi za theluji kinachosifiwa sana kwa utamu wake. Jibu hilo hilo linaweza kutusaidia kufikiri upya juu ya utomvu wa minazi yetu, ambao huharibika kabla ya jua kuchwa. Makala haya hayakusudii kumhimiza mtu kunywa kileo. Wakazi wengi wa Pemba ni Waislamu, na kwao kileo ni haramu. Kusudi letu ni kanuni ya kimaumbile iliyomo ndani ya kinywaji hicho, nayo inaweza kutazamwa darasani kwa sharubati ya machungwa.

Mvinyo wa barafu ni nini?

Mvinyo si jambo geni katika pwani yetu. Kitabu cha mabaharia kiitwacho Periplus, kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza baada ya Kristo, kinataja kwamba wafanyabiashara walileta mvinyo kidogo katika baadhi ya bandari za Afrika ya Mashariki, si kwa kuuza bali kwa kujipatia urafiki wa wenyeji. Neno lenyewe “mvinyo” tulilipata baadaye kwa Wareno. Na katika Tanzania ya leo, zabibu hustawi katika mkoa wa Dodoma, ambako huvunwa mara mbili kwa mwaka. Lakini hakuna zabibu ya Dodoma iliyopata kugandia shambani.

Katika nchi za baridi kali mambo ni tofauti. Mkulima huziacha baadhi ya zabibu mtini baada ya mavuno ya kawaida, akingoja majira ya kipupwe. Usiku ambao baridi inafika kiwango kinachotakiwa, wavunaji huingia shambani gizani, huzikata zabibu zikiwa ngumu kama mawe, na kuzikamua papo hapo kabla hazijayeyuka. Maji yaliyoganda hubaki ndani ya shinikizo pamoja na maganda. Kinachotiririka ni maji ya zabibu mazito kama asali, tena kidogo sana: mara nyingi kati ya sehemu moja ya kumi na moja ya tano ya kiasi ambacho zabibu hizo zingetoa kwa kawaida.

Mavuno yanayojulikana vizuri katika historia ni yale ya Dromersheim, Ujerumani, tarehe 11 Februari, 1830. Kanada ilianza baadaye sana, lakini imekuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa, hasa katika eneo la Niagara. Sheria za huko ni kali. Nchini Kanada zabibu hazikamuliwi mpaka baridi ifike nyuzi 8 za sentigredi chini ya sifuri. Ujerumani hutaka nyuzi 7 chini ya sifuri.

Hesabu ya baridi

Maji safi huganda kwenye nyuzi 0. Yakiyeyushiwa sukari, huganda kwenye baridi kubwa zaidi, kwa sababu molekuli za sukari huzizuia molekuli za maji kujipanga safu safu na kufanya fuwele. Kanuni yake ni nyepesi: kila moli moja ya kitu kilichoyeyushwa katika kilo moja ya maji hushusha kiwango cha kuganda kwa nyuzi 1.86.

Tuchukue maji ya zabibu yenye sukari asilimia 22. Katika gramu 1,000 mna gramu 220 za sukari na gramu 780 za maji. Yaani kila kilo ya maji inabeba gramu 282 za sukari. Sukari za zabibu zina uzito wa gramu 180 kwa moli. Kwa hiyo tunapata moli 1.57, na kiwango cha kuganda ni karibu nyuzi 3 chini ya sifuri.

Sasa angalia linalofuata. Baridi inapopita kiwango hicho, fuwele za kwanza zinazofanyika ni za maji peke yake. Sukari haina nafasi ndani yake. Maji yakipungua, mmumunyo uliobaki unazidi kuwa mzito, na kwa kuwa umezidi kuwa mzito unahitaji baridi zaidi ili uendelee kuganda. Hivyo kila kiwango cha baridi kina kiwango chake cha utamu. Ndiyo sababu sheria ya Kanada hutaja nyuzi za baridi: katika nyuzi 8 chini ya sifuri, maji ya zabibu hufikia sukari ya asilimia 35 na kuzidi.

Methali yetu yasema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Baridi hutenda kinyume: huyatoa.

Utamu usiongoja

Katika Pemba utamu wa aina hii hautoki katika zabibu, hutoka katika mnazi. Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni. Kwa kotama yake hukata ubapa mwembamba kwenye ncha ya karara ambalo halijafunuka, kisha hufunga kibuyu chini yake. Utomvu unaodondoka una sukari ya kiasi cha asilimia 12 hadi 18. Huu ndio tembo tamu, usiolevya.

Lakini utamu huu hauna subira. Hamira na bakteria zilizomo hewani, kwenye karara na ndani ya kibuyu chenyewe huanza kazi mara moja. Kwanza vimeng'enya huigawa kila molekuli ya sukari ya miwa kuwa molekuli mbili ndogo, moja ya glukosi na moja ya fruktosi. Halafu hamira huzigeuza hizo kuwa alkoholi na gesi ya kaboni dioksaidi, ambayo ndiyo povu tunaloliona. Katika saa chache tembo tamu limekuwa tembo kali. Likiachwa siku kadhaa, bakteria wengine hutumia oksijeni ya hewani kuigeuza alkoholi kuwa asidi ya asetiki, nalo likawa siki.

Mwenye mnazi analazimika kuchagua mapema. Karara linalogemwa halizai nazi. Akichagua utomvu, kisha utomvu ukachachuka kabla haujafika sokoni, amepoteza vyote viwili, nazi na utamu.

Kuni au baridi?

Njia ya jadi ya kuokoa utamu huo ni moto. Utomvu huchemshwa ungali mbichi mpaka ukawa asali nzito, au sukari guru. Joto huua hamira, na uzito wa sukari huzuia nyingine zisiote. Ni njia nzuri, ila inakula kuni, na kisiwa chenye ukubwa wa kilomita za mraba 988 hivi hakina misitu ya kuchezea.

Tufanye hesabu. Kilo 100 za utomvu wenye sukari asilimia 15 zina kilo 15 za sukari. Ili tupate asali ya asilimia 65, isiyoharibika upesi, hapana budi tubakishe kilo 23 tu. Yaani kilo 77 za maji zigeuzwe mvuke. Kila kilo ya maji yanayochemka inahitaji kilojuli 2,260 ili igeuke mvuke. Lakini kuigandisha kilo moja ya maji hutaka kuondoa kilojuli 334 tu, karibu moja ya saba.

Basi chukulia kwamba tunaanza kwa baridi. Katika nyuzi 3 hivi chini ya sifuri utomvu huu unaweza kufikia asilimia 30. Kilo 50 za maji zimekuwa barafu, na zimebaki kilo 50 za mmumunyo mtamu. Sasa moto utayatoa maji kilo 27 badala ya 77. Kazi ya kuni katika kuyageuza maji mvuke imepungua kwa karibu theluthi mbili.

Hesabu hii ni ya karatasini. Katika kazi halisi barafu huteka sehemu ya sukari, joto huingia katika mashine, na umeme una bei yake. Hata hivyo swali lenyewe ni la haki kuulizwa sasa kuliko zamani. Hadi mwaka 2010 Pemba ilitegemea majenereta ya dizeli. Mwaka huo iliunganishwa na gridi ya taifa kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Baridi si ya kuhifadhia samaki tu. Yaweza kuwa chombo cha kukusanyia utamu wa utomvu, na hata wa matunda yanayooza chini ya miti wakati wa msimu.

Ladha na uchanganyaji

Mwenye kuonja mvinyo wa barafu hupewa bilauri ndogo, iliyopozwa kufikia nyuzi 10 hivi. Kuna sababu mbili za kisayansi. Kwanza, ulimi huhisi utamu kwa udhaifu zaidi kinywaji kikiwa baridi, na bila ya ubaridi huo kinywaji chenye sukari gramu 200 kwa lita kingechusha. Pili, baridi ilipokusanya sukari ilikusanya asidi pia. Ukali wa asidi ndio unaousawazisha utamu. Wapemba wanaijua kanuni hii katika ukwaju: bila ya ukali wake sharubati yake ingekuwa maji ya sukari tu.

Wachanganyaji wa vinywaji huko ng'ambo hutumia mvinyo wa barafu mahali pa sukari. Huuongezea kitu kikali kama maji ya ndimu, kitu chenye harufu kama tangawizi, na maji yenye gesi ili kuupunguzia uzito. Ustadi wao mwingine ni wa densiti. Mmumunyo wa sukari asilimia 40 una densiti ya karibu 1.18, maji ya dafu, yenye sukari asilimia 5 hivi, ni karibu 1.02. Kilicho kizito kikitangulia katika bilauri, na chepesi kikamiminwa taratibu juu ya mgongo wa kijiko, vitakaa tabaka mbili bila ya kuchanganyika. Kinyume chake hakiwezekani, hata kwa mkono mwepesi namna gani.

Jaribio la darasani

Jaza sharubati ya machungwa iliyochujwa katika chupa ya plastiki mpaka robo tatu. Usitumie kioo, kwa sababu maji yakiganda hutanuka na yatakipasua. Igandishe usiku mzima. Kama shule haina friza, zika chupa ndogo katika barafu iliyopondwa na kuchanganywa na chumvi, sehemu tatu kwa moja. Mchanganyiko huo hushuka nyuzi nyingi chini ya sifuri.

Kisha ipindue chupa, mdomo chini, juu ya bilauri nne. Pokea robo ya kwanza ya kinachodondoka katika bilauri ya kwanza, na kadhalika. Linganisha rangi na ladha. Mwisho pima uzito wa mililita 50 za kila bilauri na utafute densiti yake.

Tahadhari moja. Jaribio hili ni la sharubati mbichi. Kugandisha kinywaji kilichokwisha kuchachuka ni jambo jingine: huikusanya alkoholi, na vitu vyenye madhara vilivyomo hukusanyika pamoja nayo, kwa kuwa baridi haivitoi.

Baridi inayoadimika

Katika kipupwe cha 2019 na 2020, kwa mara ya kwanza, hakuna eneo hata moja la Ujerumani lililovuna zabibu za mvinyo wa barafu, kwa sababu baridi ya nyuzi 7 haikufika kwa muda wa kutosha. Zabibu zilizongojewa zikapotea. Dunia inayozidi kupata joto inawanyang'anya wakulima wale kitu walichopewa bure na majira kwa karibu miaka 200.

Sisi hatukupewa kamwe. Baridi yetu yote hutengenezwa, na kwa hiyo hupimwa na kulipiwa. Mwalimu awaachie wanafunzi maswali haya:

1. Utomvu wa mnazi wenye sukari ya miwa asilimia 15 huanza kuganda kwenye nyuzi ngapi? (Uzito wa moli ni gramu 342.)

2. Sukari hiyo ikigawanyika yote kuwa glukosi na fruktosi, kiwango cha kuganda kitapanda au kitashuka? Kwa nini?

3. Je, mgema angeweza kutumia kipimajoto kujua kama utomvu wake umeanza kubadilika?