Rod Serling: Mwandishi aliyezibwa mdomo akasema kwa mafumbo

Mwezi Agosti 1955, Emmett Till, kijana mweusi wa Kimarekani mwenye umri wa miaka 14, alisafiri kutoka Chicago kwenda kuwatembelea jamaa zake katika jimbo la Mississippi. Alituhumiwa kumkosea adabu mwanamke wa Kizungu dukani. Usiku mmoja wakaja wanaume wawili, wakamchukua kwa nguvu katika nyumba ya babu mkubwa wake na kumuua. Mama yake aliamuru jeneza liachwe wazi ili ulimwengu uone alichotendewa mwanawe. Wazee wa baraza 12, wote Wazungu, wakawaachia huru watuhumiwa. Miezi michache baadaye wauaji hao walikiri gazetini, kwa kuwa sheria haikuruhusu washitakiwe tena kwa kosa lile lile.

Miongoni mwa walioguswa na dhulma hiyo alikuwamo Rod Serling, aliyekuwa akiandika tamthilia za televisheni. Alidhamiria kukipeleka kisa hicho sebuleni mwa Wamarekani. Yaliyomkuta ndiyo yaliyobadili maisha yake.

Serling alizaliwa Syracuse, jimbo la New York, tarehe 25 Desemba 1924, akalelewa katika mji mdogo wa Binghamton. Alipomaliza sekondari mwaka 1943 alijiunga na jeshi, akawa askari wa miamvuli na kupigana nchini Ufilipino, alikojeruhiwa. Vita vilimwachia jinamizi lililomsumbua usingizini kwa miaka mingi. Aliporejea alisoma Chuo cha Antioch, Ohio, akaoa mwaka 1948, na kuanza kuandikia redio kabla ya kuhamia televisheni.

Zama hizo tamthilia nyingi zilichezwa na kurushwa papo hapo, bila kurekodiwa kwanza. Januari 1955 tamthilia yake Patterns, inayoonyesha jinsi wakubwa wa kampuni wanavyomdhalilisha mfanyakazi mzee, iliwavutia watazamaji kiasi kwamba waigizaji walirudishwa studio mwezi uliofuata kuicheza upya. Ikamletea tuzo ya Emmy, ya kwanza kati ya sita alizotwaa maishani mwake.

Lakini, ndugu msomaji, sifa si uhuru. Gharama za vipindi zililipwa na makampuni yenye bidhaa za kuuza, na mwenye kulipa ndiye aliyeamua nini kisemwe. Kampuni haikutaka kumuudhi mteja hata mmoja, wakiwamo wateja Wazungu wa majimbo ya Kusini waliokuwa wakitetea ubaguzi. Hivyo mswada wa Serling kuhusu mauaji ya Mississippi ulipofika mezani, ulianza kukatwakatwa. Aliyeuawa hakuruhusiwa kuwa mtu mweusi, akafanywa mgeni asiyetajwa asili yake. Mji ukahamishiwa New England, kaskazini ya mbali. Serling mwenyewe alisimulia kuwa hata chupa za Coca-Cola ziliondolewa, eti zinawakumbusha watu Kusini. Tamthilia hiyo, Noon on Doomsday, ilirushwa Aprili 1956 ikiwa haina tena kilichomfanya aiandike.

Hakukata tamaa. Mwaka 1958 alijaribu tena kwa tamthilia nyingine, A Town Has Turned to Dust. Safari hii kisa kikarudishwa nyuma hadi karne ya 19, na aliyeuawa akafanywa Mmeksiko.

Wahenga walisema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataligangua. Serling alitambua kuwa jambo asiloruhusiwa kulisema kwa kinywa cha mwanasiasa au raia wa kawaida, linaweza kupita likisemwa na kiumbe wa sayari nyingine. Tarehe 2 Oktoba 1959 alianzisha mfululizo wa The Twilight Zone, uliodumu hadi 1964. Kati ya vipindi 156, yeye aliandika 92.

Katika kimojawapo, taa za mtaa mmoja tulivu zinazimika. Majirani waliozoeana miaka mingi wanaanza kushukiana, kisha kuuana. Mwisho tunaonyeshwa wageni kutoka anga za mbali wakichezea swichi kilimani: hawahitaji silaha, chuki ya majirani yenyewe yatosha. Katika kingine, serikali iliyokwishatangaza kuwa hakuna Mungu inamhukumu kifo mkutubi kwa kuwa vitabu havitakiwi tena. Mkutubi anajifungia chumbani pamoja na mtawala aliyemhukumu, huku bomu likisubiri saa. Yeye anasoma maandiko kwa utulivu, na yule mtawala, kwa hofu, anaomba atolewe kwa jina la Mungu. Anafunguliwa mlango.

Wafadhili waliviona vipindi hivyo kuwa hadithi za kubuni zisizomgusa mtu, navyo vikapita.

Baadaye Serling alishiriki kuandika filamu ya Planet of the Apes ya mwaka 1968, na akafundisha uandishi katika Chuo cha Ithaca. Alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara. Tarehe 28 Juni 1975 alifariki dunia Rochester, New York, baada ya kupasuliwa moyo, akiwa na umri wa miaka 50 tu.

Leo televisheni imo katika nyumba zetu nyingi, na watoto huketi mbele yake kwa saa nyingi. Wazazi huuliza, na ni haki yao, iwapo kinachoonyeshwa kina maadili. Maisha ya Serling yanatuongezea swali la pili la kuwauliza watoto wetu tunapotazama pamoja nao: ni nani aliyelipia kipindi hiki, na ni jambo gani ambalo hakutaka tulione?