Mfamasia wa Kliniki katika Tiba ya Kisukari na Elimu kwa Mgonjwa: Suala la Insulini Iliyopungua Nguvu katika Mazingira ya Buhare, Musoma

Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake haishuki licha ya kuandikiwa insulini huelezwa mara nyingi kwa kauli moja fupi: hafuati masharti. Makala haya yanashikilia kwamba kauli hiyo hutolewa mapema mno, na kwamba kazi ya kwanza ya mfamasia wa kliniki ni kuizuia mpaka dawa yenyewe iwe imechunguzwa. Mazingira yanayorejelewa ni ya Buhare, katika Manispaa ya Musoma, eneo linalofahamika zaidi kwa chuo chake cha maendeleo ya jamii. Mgonjwa anayetajwa ni wa kubuni, ila hesabu zinazohusu dawa yake si za kubuni.

Ukubwa wa tatizo hauhitaji maelezo marefu. Utafiti wa McLarty na wenzake katika vijiji vya Tanzania, uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1989, ulikuta kisukari kwa takribani asilimia 1 ya watu wazima. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusisha watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 wa mijini na vijijini, ulikuta sukari iliyozidi kiwango kwa asilimia 9.1. Mbinu na makundi ya tafiti hizo mbili hayakuwa sawa, hivyo namba hizo hazipaswi kulinganishwa moja kwa moja. Hata hivyo, mwelekeo uko wazi.

Shahada ya famasi ilianza kufundishwa Dar es Salaam mwaka 1974, katika zama ambazo mfamasia alifahamika kama mtunza ghala na mtoa dawa dirishani. Mwaka 1990 Hepler na Strand, wanazuoni wa Marekani, walitoa hoja kwamba mfamasia anapaswa kuwajibika kwa matokeo ya dawa ndani ya mwili wa mgonjwa, si kwa usahihi wa kuitoa tu. Hoja hiyo ni mojawapo ya misingi ya famasia ya kliniki ya leo. Thamani yake huonekana vizuri zaidi katika insulini, kwa sababu hii ni dawa inayoweza kutolewa kwa usahihi wote dirishani na bado ikaharibikia nyumbani.

Tumchukulie mama wa makamo wa Buhare anayejidunga yuniti 10 asubuhi na 6 jioni. Kichupa cha mililita 10 kina yuniti 1,000. Kwa yuniti 16 kwa siku, kitamtosha siku 62. Lakini kichupa kilichokwisha kufunguliwa kwa kawaida hutumika kwa takribani wiki nne tu, katika joto lisilozidi nyuzi 25 au 30 kutegemea maelekezo ya mtengenezaji; kile ambacho hakijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Mama huyu hana jokofu, na chumba chake chini ya bati hupata joto kali mchana wa kiangazi. Tangu wiki ya tano anajidunga kitu ambacho nguvu yake haijulikani. Hapa pana jambo ambalo ni rahisi kulipuuza: anayetumia dozi ndogo ndiye aliye hatarini zaidi, kwa kuwa kichupa chake hukaa muda mrefu. Kwake yeye, kumwaga dawa iliyobaki zaidi ya nusu ni ufujaji, na ni vigumu kumlaumu.

Anaporudi kliniki sukari imepanda. Daktari, akiamini kwamba dozi haitoshi, anaipandisha hadi yuniti 28. Siku hiyo hiyo mama anapewa kichupa kipya, chenye nguvu kamili. Usiku ule sukari inaweza kushuka hadi akapoteza fahamu. Hakuna aliyekosea hesabu wala kukiuka masharti, na bado mtu anaweza kufa. Hatari hii, kwa maoni ya mwandishi, ndiyo sababu nzito kuliko zote ya kumweka mfamasia ndani ya kliniki kabla dozi haijabadilishwa, badala ya kumsubirisha dirishani.

Analopaswa kufanya si gumu. Amwombe mgonjwa aje na kichupa anachokitumia. Aangalie tarehe ya kufunguliwa. Kama haikuandikwa, aanze kuiandika yeye. Insulini ambayo kwa kawaida ni angavu ikiwa imegeuka ukungu, au ile ya maziwa ikiwa na mabonge yaliyogandamana ukutani, imeharibika. Lakini insulini inaweza kupoteza nguvu bila kubadilika sura, hivyo macho pekee hayatoshi. Akishuku hivyo, amshauri daktari abakize dozi ya zamani pamoja na kichupa kipya, kisha sukari ipimwe upya baada ya siku chache. Ushauri huo uandikwe katika faili la mgonjwa. Ukibaki wa mdomo tu, daktari wa zamu inayofuata hataujua.

Kuhusu elimu, swali la “Mama, umeelewa?” halifai kitu. Jibu lake ni “ndiyo”, kwa heshima. Afadhali kusema: “Shikamoo mama. Naomba unionyeshe unavyovuta dawa, na uniambie unaiweka wapi.” Mtungi wa udongo wenye maji, uliowekwa kivulini, hupunguza joto kwa njia ya maji kufuka, kichupa kiwe ndani ya mfuko usiopitisha maji. Ndugu wa nyumbani wafundishwe dalili za sukari kushuka: kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa. Aliye na fahamu apewe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, apimwe baada ya dakika 15. Aliyezimia asimiminiwe chochote mdomoni, apelekwe hospitali.

Lipo lisilotatuliwa kwa elimu. Mfamasia akimwagiza mama huyu kutupa kichupa kila wiki ya nne, atatupa yuniti 552 kati ya 1,000, na bado atahitaji kingine. Vichupa vya kalamu vya mililita 3, vyenye yuniti 300, vingemtosha siku 18 bila kuvuka muda wa matumizi. Lakini vinadai kalamu na sindano zake, na uamuzi wa kuviagiza haumo mikononi mwa mfamasia wala mgonjwa.