Kilima Kitakatifu cha Darjeeling

Mgeni anayefika Darjeeling, mji wa jimbo la West Bengal nchini India uliojengwa kwenye mgongo wa milima ya Himalaya, kimo cha takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwa kawaida huelekezwa kwanza kwenye mashamba ya chai na kwenye reli ndogo iliyokamilika mwaka 1881, ilhali mahali panapoufafanua mji huo kuliko pengine pote ni kilima kilicho katikati yake, kiitwacho Observatory Hill. Juu ya kilima hicho palijengwa katika karne ya 18 monasteri, yaani makao ya watawa wa Kibudha, ambayo Wagurkha waliotoka Nepal waliibomoa mwanzoni mwa karne iliyofuata; na baada ya mfalme wa Sikkim kuwakabidhi Waingereza eneo hilo mwaka 1835, makao hayo hatimaye yalijengwa upya Bhutia Busty, mteremkoni chini ya mji. Kuhama kwa makao hayo hakukukiondolea kilima heshima yake.

Hekalu lililopo kileleni leo ni la Mahakal, jina ambalo Wahindu humwitia mungu Shiva, huku Wabudha wakimtambua Mahakala kuwa mlinzi wa dini yao. Kwa hiyo kuhani wa Kihindu na lama, yaani mwalimu wa dini wa Kitibeti, huhudumu katika hekalu hilohilo. Ni kosa kulieleza jambo hili kuwa ni imani mbili zilizochanganyika kwa kukosa mipaka, kwa kuwa kila upande una maandiko, ibada na wahudumu wake, na kinachoshirikiwa hasa ni mahali penyewe.

Kwa Wahindu na Wabudha wanaofika hapo, kuzunguka mahali patakatifu ni ibada kamili, na anayezunguka hupaacha mkono wake wa kulia, kinyume cha tawafu ya Makka ambapo Kaaba huwa mkono wa kushoto. Bendera za sala za Kibudha zilizotungikwa mitini kilimani hapo zina rangi tano zinazowakilisha anga, hewa, moto, maji na ardhi, nazo huchapwa sala ambazo upepo huaminiwa kueneza baraka zake kwa viumbe wote; ndiyo maana haifai kuzikanyaga wala kuzichuma ziwe kumbukumbu ya safari.

Huko Ghum, stesheni ya juu kabisa ya reli ndogo ya Darjeeling, ipo monasteri ya Yiga Choeling iliyoanzishwa mwaka 1850, yenye sanamu ya Maitreya, Buddha ajaye, ambaye hakukunja miguu kama sanamu nyingi za Buddha bali ameketi miguu ikiwa chini, mkao unaofasiriwa kuwa wa mtu aliye tayari kuinuka na kuja duniani. Sanamu hiyo inastahili kutazamwa kwa utulivu, si kwa kupitia tu.

Anga linapotakata, hasa Oktoba na Novemba, huonekana kutoka mjini Darjeeling mlima Kanchenjunga wenye mita 8,586, ambao wenyeji wa Sikkim huuheshimu kama makao ya mungu mlinzi wa nchi yao. George Band na Joe Brown, waliokuwa wa kwanza kuupanda, tarehe 25 Mei 1955, walisimama hatua chache chini ya ncha yake ili kutimiza ahadi iliyotolewa kwa mfalme wa Sikkim, na wapandaji wengi waliowafuata wameishika desturi hiyo.