Fahamu: Tezi kuvimba wakati wa ujauzito
Mjamzito wa Mbagala au Tandale akikuta uvimbe shingoni, hakosi jirani wa kumwambia asubiri mpaka ajifungue. Tafadhali asisubiri.

Tezi nyingi huvimba kwa sababu ndogo: jino bovu, tonsili, kidonda kichwani. Hizo huuma, kisha hunywea ndani ya wiki chache. Ila uvimbe usiouma, uliodumu zaidi ya mwezi, au uliotokea juu ya mtulinga, lazima uchunguzwe, hasa ukiandamana na homa za jioni, jasho la usiku au mama kukonda.

Hapa kwetu kifua kikuu hushukiwa mapema. Huweza kukaa kwenye tezi bila kikohozi chochote, ndiyo maana hupitwa kirahisi. VVU na kaswende, ambavyo pia huweza kuvimbisha tezi, hupimwa kliniki. Saratani ya tezi ni nadra, lakini ipo.

Zahanati ikishindwa, rufaa huenda Mwananyamala au Temeke, na ikibidi Muhimbili. Daktari huchoma sindano nyembamba kwenye tezi, akavuta majimaji kidogo ya kupimwa maabara. Mtoto haguswi kabisa. Ultrasaundi haina mionzi, na eksirei ya kifua humfikishia mtoto mionzi kidogo mno.

Ikithibitika ni kifua kikuu, dawa hutolewa bure katika vituo vya serikali, kwa kawaida kwa miezi 6. Rifampisini hutumika katika ujauzito; streptomaisini ndiyo huepukwa, kwani huweza kumharibia mtoto usikivu. Na mama anaweza kunyonyesha akiendelea na dozi.