Fahamu: Ukungu baada ya upasuaji si mtoto wa jicho aliyerudi
Mfugaji wa Leparua, Isiolo, aliyetolewa mtoto wa jicho akaanza kuona ukungu tena miezi kadhaa baadaye, ni rahisi adhani upasuaji ulimharibu. Sivyo. Lenzi bandia, ambayo Harold Ridley aliipandikiza kwanza London mwaka 1949, haioti mtoto wa jicho. Kinachopata ukungu ni utando mwembamba nyuma ya lenzi hiyo, na leza huutoboa kwa dakika chache. Cha kuogopwa ni maambukizi ndani ya jicho: nadra, lakini jicho jekundu, linalouma na kupoteza nuru siku chache baada ya upasuaji halisubiri gari la wiki ijayo. Atakayesema kambi ya muda ya kutibu macho yatosha, yuko sahihi kuhusu upasuaji wenyewe. Ila mgonjwa asiye na nauli ya kurudi kupimwa ametibiwa nusu.